Massawe wa wapi? Safari ya majina ya ukoo kwenye miteremko ya Kilimanjaro

Mzazi anayeshuka stendi kuu ya Moshi na mtoto aliyejua kusoma juzijuzi ana njia rahisi ya kumtuliza wakati wakisubiri gari la kupanda mlimani: amwambie asome vibao. Mtoto ataanza na duka la dawa, aende kwa muuza vifaa vya ujenzi, kwa fundi wa friji, kwa wakili, saluni, mashine ya kusaga. Massawe. Mushi. Lyimo. Massawe tena. Swai. Mushi mwingine, na huyu anauza matairi. Kabla hajafika Mnara wa Saa, swali litakuwa limeshatoka: "Baba, hawa wote ni ndugu?"

Ni swali la kila Desemba. Familia zinapotoka Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma kurudi nyumbani kwa Krismasi, watoto waliozaliwa mjini hugundua kwamba jina lao, ambalo darasani wako nalo peke yao, huku limeandikwa kila baada ya milango mitatu. Wengine hugundua kinyume chake. Wanasoma vibao mtaa mzima, wanafika mwisho, na jina lao halijaonekana hata mara moja.

Wa kwanza anataka kujua kama wote wale ni ndugu zake. Wa pili anataka kujua ndugu zake wako wapi. Jibu la wote wawili liko juu ya mlima.

Jina lisilohama

Sehemu kubwa ya Tanzania, jina la tatu la mtu ni la babu yake. Juma Ali Hamisi akipata binti akamwita Salma, mtoto huyo ni Salma Juma Ali. Hamisi amebaki nyuma, na vikipita vizazi viwili vingine ni wachache wanaomkumbuka. Jina linatembea. Ndiyo maana kuuliza akina Hamisi ni wangapi nchini hakumfikishi mtu popote, kwa kuwa Hamisi wa leo na Hamisi wa juzi hawana lazima ya kuhusiana hata kwa mbali.

Mlimani, jina la mwisho kwa kawaida ni la ukoo. Linatoka kwa baba kwenda kwa watoto, na kwa watoto wa wanawe wa kiume, bila kubadilika. Kinachozunguka ni jina la kwanza. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na kwa wasichana ni vivyo hivyo upande wa bibi. Makaburi ya kihambani humchanganya mgeni kwa sababu hiyo: babu, mjukuu na kitukuu wanaweza kuwa na majina yaleyale yote, wakitofautishwa na miaka tu.

Kwa jambo hili Mchagga yuko karibu na Mwingereza kuliko na jirani yake wa pwani. Uingereza nako majina ya ukoo yalishikamana na familia karne nyingi zilizopita. Mengine yalitoka kwenye kazi, kama Smith, yaani mhunzi. Mengine kwenye jina la baba, kama Johnson, mwana wa John. Mengine ni ya kijiji alikotoka mtu, au utani tu aliopewa na majirani ukamganda. Smith ndilo linaloongoza kwa wingi mpaka leo, lakini yapo majina yaliyobaki na familia chache, na wenye nayo hutumia miaka mingi kutafuta yalianzia kijiji gani na yamebaki kwa watu wangapi. Wanaweza, kwa sababu madaftari ya sensa zao za zamani yamehifadhiwa na yana majina ya watu nyumba kwa nyumba.

Sensa ya Tanzania inatangaza idadi, haitangazi majina. Ile ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro, kutoka 1,640,087 mwaka 2012, na humo wamo Wapare wa Mwanga na Same pamoja na wageni wote wa mjini. Akina Massawe ni wangapi, haisemi. Mlimani hesabu hiyo hufanywa kwa macho na masikio: vibao vya maduka, matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani, orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani, na redio ikitangaza vifo.

Kila mteremko na majina yake

Gari la Machame likiiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda, migomba inazidi kushikana na majina nayo yanabadilika. Huku ni kwa akina Swai, Nkya, Lema, Munisi, Ulomi, Shoo. Ukirudi upande wa Kibosho, Mushi na Massawe wanajaa. Ukienda mashariki hadi Himo, ukakunja kushoto kupanda Marangu, umeingia kwa akina Lyimo, Mtui na Minja. Ukiendelea kuuzunguka mlima mpaka Rombo, utawapata akina Tarimo, Shirima, Kavishe, Tesha na Silayo. Mtu aliyekulia Moshi akitambulishwa kwa Kavishe, hahitaji kuuliza sana kwao ni wapi.

Ramani hii ya majina imebaki kwa sababu mlima haukuwa nchi moja. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyeuona mlima na theluji yake mwaka 1848, alikuta tawala ndogondogo, kila moja na Mangi wake: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, Usseri na nyingine nyingi. Makorongo marefu ya mito iliyotoka juu ndiyo yaliyokuwa mipaka. Mtu alijiita wa Kilema au wa Machame. Jina la kuwajumlisha wote kuwa Wachagga lilizoeleka baadaye. Hata lugha zilitengana. Bibi wa Machame na bibi wa Rombo wakikutana hospitalini, kila mmoja akashikilia Kichagga chake, wataishia kwenye Kiswahili.

Ndani ya tawala hizo ndimo zilimokuwa koo. Masimulizi yake hayafanani. Zipo zinazosema zilitoka Ukamba, nyingine Taita, Upare, Meru au kwa Wamasai. Mwanahistoria Mwingereza Kathleen Stahl aliyakusanya mengi kutoka kwa wazee na kuyachapisha mwaka 1964 katika kitabu kuhusu historia ya Wachagga, na kinachoonekana humo ni watu waliopanda mlima kwa makundi madogo, kutoka pande tofauti na kwa nyakati tofauti, wakafyeka msitu, wakapanda migomba, wakachimba mifongo ya kuleta maji kutoka mitoni. Koo nyingi humtaja mtu mmoja aliyefika kwanza, na jina lake ndilo jina lao. Mzazi asishangae akisikia habari mbili tofauti kutoka kwa wazee wawili wa ukoo mmoja. Mmoja atasema babu yao alikimbia njaa. Mwingine, kwa sauti ya chini zaidi, atasema alikimbia kesi.

Kilichoyagandisha majina hayo ni kalamu. Walutheri wa Leipzig waliingia Machame mwaka 1893, wakati mapadri Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walikuwa tayari Kilema na wakifungua Kibosho. Kila kituo kilikuwa na daftari la ubatizo, na daftari lilitaka jina lililoandikwa. Padri alisikiliza, akaandika alivyosikia. Herufi mbili za s katika Massawe na Urassa zina harufu ya mkono huo. Kwa Kijerumani, na kwa Kifaransa pia, s moja ikikaa katikati ya irabu husomwa z, hivyo mwandishi aliyetaka jina lisomwe sawasawa aliandika s mbili. Mchagga mwenyewe hakuwa na haja nayo.

Kalamu hizo hazikuandika kwa mtindo mmoja. Kuna Kimaro, Kimario na Kimaryo. Kuna Malya na Mallya. Ndugu wa baba mmoja waliobatizwa parokia tofauti wanaweza kuwa na herufi tofauti, na watoto wao wakaja kukutana chuoni wasijue kwamba wanatoka mgomba mmoja.

Wa wapi?

Kwa wazee, jina la ukoo lina kazi moja nzito kuliko zote: kuzuia watu wa damu moja wasioane. Kijana akimtaja msichana nyumbani, swali la kwanza la mama si kazi yake wala elimu yake. Ni "wa ukoo gani?"

Kwa jina lililoenea, swali hilo halitoshi. Massawe wapo Machame, wapo Kibosho, wapo Rombo. Kwa hiyo linafuata la pili, ambalo kila mwenye jina hilo amelisikia maisha yake yote: "Massawe wa wapi?" Halafu la tatu, kijiji gani, na la nne, kwa mzee nani. Wakifika hapo, wazee huwa wamekwishajua kama hao wawili ni ndugu, au ni watu wawili ambao mababu zao waliitwa jina linalofanana huku wakiwa hawajawahi kuonana. Huyo mtoto wa stendi, basi, amejibiwa. Wengi wa wale wenye vibao si ndugu, lakini baadhi ni ndugu, na anayejua ni bibi.

Kufanana kwa majina huvuka hata mipaka. Njau ni jina la Marangu, na Njau ni jina la Wakikuyu wa Kenya. Mchoraji Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alichora mwaka 1959 michoro mikubwa ya ukutani ya maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, katikati ya Ukikuyu, kisha mwaka 1965 akashiriki kuanzisha Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa. Wakenya wengi wakilisikia jina lake humhesabu kuwa wa kwao. Na Mboya, ambalo kwa Mkenya ni jina la Kijaluo moja kwa moja, mlimani linabebwa na Wachagga ambao hawajawahi kuliona Ziwa Victoria.

Moshi nalo ni jina la ukoo. Watoto wenye jina hilo hutaniwa shuleni kwa habari za moto na jiko, lakini moshi wa kuni hauhusiki hapa. Mji wenyewe umeitwa kwa utawala wa Moshi, ambao kwa Kichagga cha huko ni Mochi, na makao yake yalikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa leo Old Moshi. Huko ndiko Mangi Rindi alikotawala, na ndiko Wajerumani walikomnyonga mwanawe, Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikomea chini kwenye tambarare. Mji ukakua pale kituo kilipokuwa, na jina likateremka mlima kuufuata.

Jina kubwa, watu wachache

Umaarufu wa jina na wingi wake ni mambo mawili tofauti. Marealle linajulikana nchi nzima kwa wanaosoma historia. Mangi Marealle alikuwa akitawala Marangu Wajerumani walipoingia. Mjukuu wake, Thomas Marealle, alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote mwanzoni mwa miaka ya 1950, cheo kilichofikia mwisho mwaka 1960. Petro Itosi Marealle ndiye aliyeandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu cha 1947 ambacho bado kinatafutwa na kila anayetaka kujua desturi za mlimani. Lakini mtoto anaweza kusoma vibao vya barabara nzima asilione. Marealle lilianza kama jina la mtu, likashikwa na uzao wake kwa sababu ya ukubwa wake yeye, na uzao wa mtu mmoja hauwezi kuwafikia kwa idadi akina Lyimo.

Lingine ni Lauwo. Wanaofika lango la Marangu kupanda Kilimanjaro hukuta vibao vya kumbukumbu, na jina hilo limo. Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa Marangu, ndiye anayekumbukwa kwao kuwa kijana aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, walipofika kilele cha Kibo. Meyer katika maandishi yake alimpa nafasi zaidi Muini Amani wa Pangani, na wanahistoria wanabishana Lauwo alifika wapi katika safari ile. Ubishi huo haujampunguzia kitu Marangu. Sherehe za miaka 100 ya tukio hilo, mwaka 1989, zilimkuta angali hai, na alipofariki mwaka 1996 ilisemwa alikuwa na umri unaozidi miaka 120. Waongoza watalii wa leo, wengi wao wakiwa akina Lyimo na Mtui na Minja, humtaja kila siku kwa wageni. Jina linasikika kwa Kijerumani, Kikorea na Kiingereza cha kila namna. Ila ukiingia vijijini kuwatafuta wenye nalo, huwapati kwa wingi huo.

Kwa nini ukoo mmoja ujae mlima mzima na mwingine ubaki nyumba chache? Mzazi wa kawaida atatafuta sababu kubwa: vita, laana, tauni. Wakati mwingine zipo. Mangi wa Kibosho na yule wa Moshi walipigana sana karne ya 19, na koo zilizokuwa njiani ziliumia. Lakini mara nyingi kinachohitajika ni bahati tu.

Mwaka 1874, Waingereza wawili, Francis Galton na Henry William Watson, walilichukua swali hili wakalipigia hesabu. Galton alikuwa ameona kwamba majina ya familia nyingi za kitajiri za kwao yalikuwa yakipotea. Hesabu yao inaeleweka hata bila kalamu. Jina linapita kwa wana wa kiume peke yao. Baba mmoja anapata wana wanne, mwingine mmoja, mwingine hana. Asiye na mwana, jina kwake limefika mwisho, hata kama ana mabinti sita. Ukoo wa watu mia mbili unaweza kuhimili baba kumi wa namna hiyo katika kizazi kimoja. Ukoo wenye baba watatu hauwezi; wawili wakikosa wana na wa tatu akihamia mbali, umekwisha, huku watu mlimani wakizidi kuongezeka. Watson aliteleza mahali fulani akahitimisha kwamba kila jina litapotea siku moja, jambo lililosahihishwa baadaye. Alichokuwa sahihi ni kwamba majina machache hupotea kwanza, na nafasi yao hujazwa na yaliyo mengi. Korea, ambako majina ya ukoo ni ya kale sana, karibu mtu mmoja kati ya watano ni Kim.

Mlimani kuna kitu kingine kinachosukuma, nacho ni kihamba. Shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba ndilo linaloshika ukoo mahali pake: hapo wanazikwa, hapo masale yanaonyesha mpaka, na masale hayohayo ndiyo hupelekwa mtu anapoomba msamaha. Kwa desturi, mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi, na wa kwanza naye hupewa sehemu yake. Wa katikati ndio huambiwa wakatafute. Mwanaanthropolojia Mmarekani Sally Falk Moore, aliyefanya utafiti mlimani kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake mwaka 1986, alionyesha jinsi ardhi ilivyokuwa ikiwabana hao wa katikati kizazi baada ya kizazi. Wao ndio waliopeleka jina la Mushi Kariakoo, Massawe Mwanza na Shirima Mbeya. Ukoo mkubwa ukipoteza wa katikati, unapanua biashara. Ukoo mdogo ukiwapoteza, wakaoa huko, wakazikwa huko, kinachobaki kihambani ni mzee mmoja na mbwa.

Mabinti watatu

Hapa ndipo mazungumzo ya Desemba yanapokuwa magumu. Baba ana jina ambalo wazee wanalihesabu kwa vidole. Ana mabinti watatu, wote wamesoma, wawili wameolewa. Kwenye meza kuna mtori, mbege imepita mara ya pili, na shangazi mmoja anauliza kwa upole unaokera: "Sasa kihamba kitabaki na nani?" Anachouliza kwa kweli ni nani atabaki na jina.

Kwa muda mrefu jibu la mlimani lilikuwa moja: mpwa au mtoto wa kiume wa ndugu. Sheria imesogea tangu hapo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi iliyotoka Kagera, ilikubali kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Ukoo fulani kulalamika ni jambo moja. Ukoo kushinda mahakamani ni jingine.

Kuhusu jina, njia ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha mwanamke kuacha jina la baba yake anapoolewa, na wengi mlimani hawaliachi: vyeti vya shule, vya kazi na vya benki vinabaki na la kwao. Si jambo geni pia mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa babu kabla mama hajaolewa kubeba ukoo wa babu huyo. Zipo koo zenye tawi zima lililotokana na mtoto wa namna hiyo, ingawa ni habari ambayo haisimuliwi mbele ya wageni. Na wapo wazazi wanaompa mtoto mmoja jina la ukoo wa mama katikati, kabla ya la baba. Wazee wengine huguna. Mtoto mwenyewe huwa halioni tatizo.

Wanaotaka kufanya hivyo wafanye mapema, kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina likiandikwa pale, shule, kitambulisho cha taifa na pasipoti vitafuata. Likiachwa, au likaandikwa kwa herufi moja isiyofanana na ile ya cheti cha darasa la saba, mzazi atakuja kukutana na wakili, kiapo, na pengine hati ya kubadili jina, mara nyingi wiki ileile ambayo mtoto anatakiwa kuripoti chuoni. Hao akina Kimario na Kimaryo wanalijua vizuri.

Daftari la ukoo

Koo nyingi hukutana baada ya Krismasi, wakati watu bado hawajaanza kupakia ndizi kwenye magari. Kikao kinafanyika chini ya migomba, viti vya plastiki vimeazimwa kanisani, na mwenyekiti anaanza na michango iliyosalia, kama kawaida. Kwenye koo kubwa hilo linaweza kuchukua mpaka jioni. Kwenye koo ndogo huisha upesi, na muda unabaki.

Muda huo ndio wa kumpa mtoto simu arekodi. Amuulize babu mambo manne: aliyefika kwanza hapa aliitwa nani, alitoka upande gani, alikuwa na wana wangapi, na nani aliondoka asirudi. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Ndilo linaloweza kumwambia mwenye jina la nadra kwamba ana ndugu Tabora au Mombasa wanaojiona wako peke yao kama yeye. Akatae mpango wa mjomba wa kujibu kwa niaba ya babu. Akipata majibu mawili yanayopingana, ayaandike yote.

Katibu wa ukoo huwa na daftari gumu lenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula. Madaftari ya zamani yalikuwa na safu ya wana peke yake. Binti aliyeolewa alikatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa pembeni alikoolewa. Mapya, baadhi yake, yana safu zinazolingana. Katibu anazunguka viti vya plastiki akiuliza majina, tarehe za kuzaliwa na namba za simu, na akifika kwa mmoja wa wale mabinti watatu, mwenye mtoto mgongoni, anainua kalamu na kuuliza huyu aandikwe kwa nani. Dada anamtazama baba yake. Mzee anaomba lile daftari alione kwanza, anavaa miwani, na kuanza kuhesabu mistari kutoka juu.